Kipande cha Tisa Hakikufika: Hotuba kwa Wahadhiri Kuhusu Chuo Wakati wa Janga

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Rasi na Maamidi, wahadhiri wenzangu, walezi wa mabweni, wauguzi wa zahanati yetu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja: habari za asubuhi. Walionizidi umri, shikamooni.

Kabla sijaendelea, naomba mkione hiki kidude nilichokiweka mezani. Ni kipimo cha hewa ukaa. Huko nje, chini ya miembe, hewa ina kama sehemu 420 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Nilipokiwasha humu saa mbili na nusu, ukumbi ukiwa mtupu, kilisoma 480. Sasa mmeketi, milango imefungwa, viyoyozi vinafanya kazi, na kinasoma 760. Tukiache hapo hapo. Nitakirudia.

Nimeombwa nizungumzie jinsi chuo kikuu kinavyoweza kuendelea kufundisha, na kuwalinda watu wake, ugonjwa wa mlipuko unapoingia. Nitaanzia kwetu. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe, na tarehe 18 agizo likavifikia vyuo. Mliokuwepo mnaikumbuka jioni ile. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, ndoo zimejazwa vyombo, bodaboda zimepanga foleni getini. Nilimkuta binti mmoja ameketi juu ya begi lake nje ya bweni, simu sikioni, anamweleza mjomba wake kwamba bumu limeisha na nauli hana. Aliniona, akageuza uso asije akanisumbua.

Tuliambiwa siku 30. Tukaja kufungua tarehe 1 Juni. Na katika siku zote hizo hapakuwa na mhadhiri hata mmoja ninayemfahamu aliyekuwa na karatasi inayosema: chuo kikifungwa kesho, somo lako litaendelea hivi.

Mimi nafundisha fasihi simulizi. Mwaka ule nilikuwa na darasa la mwaka wa kwanza, watu zaidi ya mia mbili. Hakuna aliyetuagiza tuendelee kufundisha, na vyuo vyetu vingi vilikaa kimya mpaka Juni. Roho haikunipa. Nikamwomba mwakilishi wa darasa aniingize kwenye kundi lao la WhatsApp. Wiki ya kwanza nikajirekodi video ya dakika 40, nikaituma, nikajiona nimefundisha. Waliofungua walikuwa wachache mno. Mmoja akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, hiyo video ni bando langu la wiki nzima."

Nikabadili. Nikawa naandika ukurasa mmoja, kisha naueleza kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi. Ujumbe wa namna hiyo haufiki hata MB 3. Video ya dakika hizo hizo hula mara ishirini ya hapo, au zaidi. Na nikawapa kazi isiyohitaji maktaba. Sikiliza nyimbo za kubembelezea watoto zinazoimbwa nyumbani kwenu, andika tatu, eleza nani anaimba, saa ngapi, na mtoto anaambiwa nini. Ukimwuliza mzee, kaeni nje uwanjani, usimsogelee.

Wiki ya tatu, usiku, simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Meseji za kawaida, kutoka namba nisiyoijua. Ya kwanza ilisema: "1/14 Shikamoo mwalimu. Samahani natumia kitochi cha baba, simu yangu niliiuza nikapata nauli." Zilizofuata zilikuwa insha. Swali hakulisoma popote. Mwenzake alimpigia akamsomea. Akaiandika insha nzima kwa kitochi, ambacho ukitaka herufi s unabonyeza 7 mara nne, akaikata vipande kumi na vinne na kuvitia namba ili nisipotee. Kipande cha tisa hakikufika. Nikampigia. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na wimbo alioupata kwa bibi yake huko Nkasi, wa mama anayemwambia mtoto asilie kwa kuwa baba yuko ziwani na atarudi na samaki. Hakunisomea. Aliuimba, na nyuma yake nikamsikia bibi akimsahihisha.

Nilimpa alama zake, na zilikuwa nzuri. Lakini karibu theluthi ya darasa lile haikutuma chochote, na tulipoonana Juni nikagundua wengi wao hawakujua hata kama kulikuwa na kazi. Hawakuwa wavivu. Mtandao haukuwafikia na mimi sikuwatafuta. Hilo ni kosa langu, nami nalisema mbele yenu kwa sababu nikilificha mtalirudia. Nilianzisha masomo yaliyowafikia wenye nacho, nikawaongezea.

Kwa hiyo neno langu kuu leo ni hili: mpango wa kufundisha wakati wa janga upangwe kuanzia kwa yule mwenye kitochi. Tukimfikia yeye, mwenye kompyuta mpakato na intaneti ya nyumbani atajifunza tu. Tukianzia kwa mwenye kompyuta, wa Nkasi hatutamfikia kamwe.

Majirani zetu walipita njia nyingine, na tuna ya kujifunza kwao. Kenya ilitoa tangazo tarehe 15 Machi 2020, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 kufunga. Vyuo kadhaa vikahamia mtandaoni. Kilichowafaa wenzetu ni kwamba vyuo vyao vilikuwa tayari vimejiunga pamoja katika mtandao mmoja wa elimu, KENET, na umoja huo ukaweza kuketi na kampuni za simu kutafuta bando za bei nafuu kwa wanafunzi. Chuo kimoja kimoja kisingesikilizwa. Uganda waliumia zaidi yetu sote. Walifunga Machi 2020, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakarejea tarehe 15 Oktoba, kisha Juni 2021 wakafunga tena, na shule zao hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hata hivyo walifanya jambo moja ninaloliheshimu. Baraza lao la elimu ya juu lilitoa mwongozo wa dharura wa kufundishia kwa mbali, na chuo kilichotaka kuanza kikatakiwa kwanza kuonyesha kimejiandaaje. Ilichelewesha, wapo waliolalamika, lakini swali liliulizwa.

Afrika Kusini wao walilitazama bando lenyewe. Kuanzia Juni 2020 wanafunzi wanaosomeshwa na mfuko wa serikali walipangiwa GB 30 kwa mwezi: 10 za mchana na 20 za usiku. Na tovuti za vyuo zikaweza kufunguliwa bila kukatwa bando. Nimezifikiria sana zile 20 za usiku. Kwa kampuni ya simu usiku ni rahisi, mtandao hauna msongamano. Lakini kwa binti aliyerudi nyumbani usiku ndio wakati pekee alio nao. Mchana ni wa maji, kuni, duka la mama, na wadogo zake. Wanafunzi wangu wa kike waliniambia hivyo Juni: kijana akirudi nyumbani anaitwa mwanachuo, binti akirudi anaitwa msaidizi. Usiku nao una adha yake, maana nyumba nyingi chumba ni kimoja na taa ikiwaka wote hawalali. Anayepanga ratiba ya masomo ya mbali bila kuijua nyumba ya mwanafunzi wake anajipangia mwenyewe.

Na ujuzi huo nchini tunao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 hasa kwa ajili ya kumfundisha mtu aliye mbali, aliye kazini, asiyeweza kuja. Miaka karibu thelathini ya kuandaa maandiko, kutahini watu mikoani, kujua posta inachukua siku ngapi. Mwaka 2020 wangapi kati yetu tuliwapigia simu tukawauliza mnafanyaje?

Mimi ningependa kila somo liwe na bahasha. Kurasa thelathini hivi: maelezo ya wiki sita, maswali, namba ya simu ya mhadhiri, na tarehe ambazo mhadhiri huyo atakuwa anapokea simu. Iandaliwe mwanzoni mwa muhula, ikae kwa amidi. Siku chuo kikifungwa, mwanafunzi asipite getini mikono mitupu. Gharama yake ni ya steshenari na ya kutoa kopi, na chuo kinanunua kwa jumla. Nimeambiwa karatasi ni mambo ya kizamani. Lakini karatasi haiishiwi chaji, na ikilowa inaanikwa.

Wenzangu wa maabara na wa tiba, najua bahasha haiwatoshi. Huwezi kujifunza kumchoma mgonjwa sindano kwa ujumbe wa sauti. Kwenu ni suala la mpangilio: nadharia yote ifundishwe wakati wa kufungwa, vitendo vikusanywe katika wiki za kurudi, kwa makundi madogo, na wa mwaka wa mwisho watangulie. Mengine mnayajua kuliko mimi.

Sasa nakuja kwenye kuwalinda watu, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Juni 2020 tulipofungua, kila mlango wa ukumbi ulikuwa na ndoo yenye koki, sabuni ya maji, na mtu mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Lilikuwa jambo jema. Kunawa kwa maji tiririka kunazuia magonjwa mengi. Ila tukishanawa, tuliingia watu mia tatu katika ukumbi mmoja na kuvuta hewa moja kwa saa mbili. Mwezi uliofuata, Julai 2020, wanasayansi 239 wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton waliandika barua ya wazi wakisihi ikubaliwe kwamba virusi vile vinaelea hewani ndani ya vyumba na vinaweza kumfikia mtu hata aliyeketi mbali. Hewa haionekani, na ndoo inaonekana. Nadhani ndiyo maana tulishughulika na ndoo.

Kipimo changu sasa kinasoma 1,210. Niwaeleze maana yake. Pumzi anayoitoa mtu ina hewa ukaa nyingi mno kuliko hewa ya nje, karibu mara mia. Kwa hiyo hewa ukaa ikipanda chumbani, inatuambia ni kiasi gani tunavuta pumzi za wenzetu. Kwenye 1,200, kama sehemu moja ya hamsini ya kila pumzi unayoivuta imekwisha kutoka kifuani mwa mtu mwingine humu ndani. Hesabuni pumzi zenu hamsini. Siyo dakika nyingi.

Na hiki kiyoyozi cha ukutani, cha kawaida, hakiingizi hewa ya nje. Kinaivuta ile ile tuliyoipumua, kinaipoza, kinaturudishia. Tunahisi ubaridi tukadhani ni usafi.

Nendeni Mlimani, Dar es Salaam, mkayatazame majengo ya zamani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Veranda ndefu, madirisha yanayotazamana pande mbili, kuta zenye matundu ya kupitisha upepo. Waliojenga vyuo vyetu miaka ya 1960 walikuwa wanapigana na joto, hawakuwa na viyoyozi vya kugawa, lakini walituachia vyumba vinavyopumua. Sisi tuliofuata tumejenga kumbi za vioo na alumini, dirisha linateleza nusu tu, na mara nyingi hiyo nusu imebanwa kwa sababu kiyoyozi kinapoteza ubaridi. Mahali pengine nimeona vitasa vimeng'olewa ili wanafunzi wasifungue. Ukumbi wa namna hiyo wakati wa ugonjwa wa hewa ni hatari, na hakuna ndoo mlangoni itakayoubadilisha.

Wapo watakaosema korona imepita. Kifua kikuu hakijapita. Tanzania na Kenya zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa ya ndani. Dirisha tutakalolifungua kwa ajili ya janga lijalo linatufaa kesho asubuhi. Ndiyo maana naliweka mbele ya mashine yoyote ya kununua: vioo vifunguke pande mbili, pangaboi zirudishwe, na kila kitivo kiwe na kipimo kimoja kama hiki kizungushwe kumbini. Ukumbi ukizidi 1,000 kila siku, upunguziwe watu au somo lihamie chini ya mti. Tulisoma chini ya miti tukiwa wadogo, wala hatukupungukiwa akili.

Ila tusije tukafunga ndoa na dirisha pia. Kila ugonjwa una njia yake. Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa Marburg huko Kagera, na Januari 2025 ikarudi mkoa ule ule, Biharamulo. Marburg haipiti kwenye hewa kama korona. Hupitia majimaji ya mwili, damu, matapishi, maiti. Hapo dirisha halina kazi kubwa. Kazi ni kutomgusa mgonjwa bila kinga, kumtenga mapema, na kuzika kwa utaratibu. Kipindupindu kina njia ya maji na chakula, na hapo mnaanza na tangi la bweni na mama lishe wa nje ya geti. Mwongozo wetu wa dharura, tutakapouandika, usipangwe kwa majina ya magonjwa, maana lijalo hatulijui jina. Upangwe kwa njia: ya hewa, ya mguso, ya maji. Likiingia, tunauliza linapita wapi, tunafungua ukurasa huo.

Nihamie mabwenini, kwa sababu tukiyasahau mabweni tumefanya kazi bure. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, Marekani, kilifungua madarasa tarehe 10 Agosti 2020, kwa barakoa na viti vilivyotenganishwa. Tarehe 17 kikatangaza kusitisha masomo ya ana kwa ana. Wanafunzi 130 walikuwa wamekutwa na maambukizi katika wiki moja. Makundi manne ya kwanza ya wagonjwa hayakutoka darasani: matatu yalikuwa mabweni, la nne nyumba ya chama cha wanafunzi. Watu walitenganishwa mchana wakakutana usiku.

Sasa tutazame kwetu. Chumba cha wanne kinalala wangapi? Viongozi wa wanafunzi mnacheka, mnajua. Kubebana siyo utundu. Ni umaskini na ukarimu vikikutana: mwenzako amekosa nafasi, geto mtaani ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, unamsogezea nusu ya kitanda. Hata Mlimani, baada ya hosteli mpya za mwaka 2017 zenye nafasi 3,840, hakuna aliyesema sasa vitanda vinatosha. Ninachokiomba ni kwamba siku ya janga mlezi wa bweni asiende na panga la kufukuza. Aende na daftari. Tangazeni kwamba anayebebwa ajiandikishe na hataadhibiwa, ili zahanati ijue chumba kina watu wanane na siyo wanne. Ukimtisha atajificha, na ugonjwa utajificha naye.

Kuna jambo nililipenda kutoka Chuo Kikuu cha Arizona, mwaka ule ule. Walikuwa wanapima majitaka yanayotoka mabwenini. Mwishoni mwa Agosti majitaka ya bweni la Likins yakaonyesha dalili ya virusi. Wakapima watu wote 311 wa bweni lile, wakawapata wawili, na wote wawili walikuwa hawajisikii lolote. Wakatengwa kabla hawajaambukiza ghorofa nzima. Bweni zima lilitoa taarifa kupitia bomba moja. Sisi tuna mabweni yenye chemba, tuna idara za kemia na mikrobiolojia, na tuna vijana wa uzamili wanaotafuta mada. Naamini hili linawezekana hapa, na ningefurahi kumwona mmoja wenu akilichukua leo.

Na zahanati yetu ihesabu. Mwisho wa Aprili 2020 takwimu za wagonjwa zilikoma kutolewa nchini, na ulipita zaidi ya mwaka kabla hazijarudi. Katika muda huo kila mmoja wetu aliishi kwa tetesi. Wengine waliogopa kupita kiasi, wengine wakaacha barakoa siku moja. Wangapi wamekuja na homa wiki hii, wangapi wanakohoa, wangapi wametoka bweni moja: namba hizo muuguzi anaweza kuziandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni kila Ijumaa bila jina la mtu. Wanafunzi wetu ni watu wazima. Wakiambiwa ukweli wanajipanga. Ilipozinduliwa chanjo tarehe 28 Julai 2021, waliokuja kuniuliza maswali ofisini hawakuwa wabishi. Walikuwa watu waliokaa muda mrefu bila kuelezwa.

Makamu Mkuu, ninayo maombi mawili tu. La kwanza, muhula ujao tutenge wiki moja ya majaribio. Wiki hiyo hakuna anayeingia ukumbini. Tufundishe kama vile chuo kimefungwa, kwa bahasha, kwa ujumbe wa sauti, kwa meseji, kisha Jumatatu inayofuata tuulizane nani hatukumfikia, tuandike majina, tujue sababu ya kila mmoja. Ni afadhali tuaibike kwa wiki moja tukiwa wazima.

La pili ni la sasa hivi. Kipimo kinasoma 1,540. Kina baba mlioketi upande wa mashariki, na nyie vijana kule nyuma, naomba mfungue madirisha yote yanayofunguka. Mlinzi, hiyo milango miwili iachwe wazi, na viyoyozi vizimwe. Tusubiri dakika tano, tukiangalie tena, ndipo nipokee maswali.